Kisu cha Mwaka wa Shufwa

Kila mwaka wa shufwa, Agosti inapofika, msimu wa imbalu, jando la Wagisu, hufunguliwa katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, na vijana wa Kigisu huzunguka kwa ngoma kabla ya kusimama mbele ya ngariba. Wakubwa wa serikali huhudhuria. Lakini msimu huo una upande mwingine, ambao magazeti huusimulia kama kichekesho: mtu mzima aliyekwepa kisu kwa miaka mingi hukamatwa na watu wa kabila lake, pengine baada ya mkewe kutoa habari, akavuliwa nguo na kutahiriwa hadharani. Wengi wa hao huwa wameishi ugenini. Buwenge, mji wa Busoga kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, ni ugenini wa aina hiyo, kwa kuwa Wasoga wasio Waislamu hawana mila ya jando, na viwanda vya Jinja na mashamba ya miwa ya Kakira yamekuwa yakivuta vibarua wa kila kabila tangu enzi za ukoloni. Mgisu anaweza kuzeekea huko asiulizwe lolote. Siku akikamatwa, umati hushangilia.

Upande wa kaskazini wa Mlima Elgon, mlima uleule wa Wagisu, historia ilikwenda kwingine. Mwaka 1988 baraza la wilaya ya Kapchorwa liliamuru wanawake wa Kisabini wakeketwe kwa lazima. Mwalimu Jane Frances Kuka alikuwa mstari wa mbele kuipinga amri hiyo. Mwaka 1996 akachaguliwa kuwa mbunge, baadaye akawa waziri mdogo wa masuala ya jinsia. Wazee wa Kisabini wenyewe waligeuka, na mwaka 1998 chama chao kikapewa Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa. Kufikia mwaka 2010 Bunge lilikuwa limeshatunga sheria ya kupiga marufuku ukeketaji. Shuruti kwa wanawake ilichukua miaka 22 kutoka amri ya baraza hadi kuwa jinai. Shuruti kwa wanaume wa jirani haijatungiwa sheria ya jina lake.

Atasemaje mpinzani? Kwamba ukeketaji ni ukatili mzito zaidi, usio na faida yoyote kiafya. Ni kweli, na sikusudii kupima majeraha kwa mizani moja. Ninachouliza ni kuhusu nguvu: kwa nini kumshika mtu kwa lazima kuwe aibu ya taifa hapa na burudani pale? Jibu rahisi, kwamba wafadhili na wanaharakati huwapendelea wanawake, halinishawishi. Wanawake wa Kapchorwa hawakuzawadiwa usikivu, waliupigania. Mgisu aliyetahiriwa kwa nguvu hawezi kuupigania kwa njia hiyo, maana imbalu humpima mwanamume kwa kutokupepesa jicho. Akienda polisi, malalamiko yenyewe yanakuwa ushahidi kwamba hakustahili kuitwa mwanamume. Upendeleo huu umefumwa na wanaume, na wanaume ndio unaowanyamazisha.

Wengine watasema ndiyo mila. Lakini Suzette Heald, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Bugisu katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba kiini cha imbalu ni hiari: kijana hutangaza mwenyewe kwamba yuko tayari, na ujasiri wake una thamani kwa sababu ameuchagua. Kwa kipimo hicho, kundi linalomshika mtu barabarani linaivunja imbalu.

Upofu wa kutouona ukatili unaowapata wanaume haukomei Mbale. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, wanaume wa Kijaluo walitahiriwa kwa nguvu huko Naivasha na Nakuru, wengine wakakatwa uume. Mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai aliyaita matendo hayo ukatili wa kingono. Januari 2012 majaji walikataa, wakisema chanzo chake kilikuwa chuki ya kikabila, wakayaweka katika fungu la matendo mengine ya kinyama. Kana kwamba chuki ya kabila na ukatili wa kingono haviwezi kukaa ndani ya kisu kimoja! Anapobakwa mwanamke katika vita vya kikabila, hakuna anayemtaka achague kati ya hayo mawili. Uganda nayo, katika Kanuni ya Adhabu, hueleza ubakaji kuwa kosa analotendewa mwanamke au msichana tu.

Hofu iliyobaki ni kwamba kuwatazama wanaume kutawapunguzia wanawake usikivu walioupata kwa jasho. Kapchorwa haitoi sababu ya hofu hiyo: hoja iliyoshinda kule, kwamba mwili wa mtu si mali ya ukoo, haikuhitaji kumtaja mwanamke ili iwe ya kweli, na wazee walioikubali kwa ajili ya binti zao wanaishi mwendo mfupi tu kutoka Mutoto.