Mizani Haichezi Rede: Uzito na Stadi za Mwendo kwa Watoto wa Mchukwi

Tuchukue wasichana wawili wa miaka 9 wanaosoma darasa moja, tuseme hapo Mchukwi, wilayani Kibiti. Mmoja ana kimo cha sentimita 132 na kilo 28. Mwenzake ana sentimita 115 na kilo 21. Ukigawa uzito wa kila mmoja kwa kipeo cha pili cha kimo chake kwa mita, kwa kanuni iliyoachwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, wote wanapata takriban 16. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007, uwiano huo hauna kasoro. Kumbe huyo wa pili ana kimo cha mtoto wa miaka 6. Amedumaa, na hesabu imemfichia siri.

Hii ndiyo sababu ya kutilia shaka uhusiano wa uzito na stadi za mwendo kama unavyosomwa kwa kawaida. Tafiti nyingi za Ulaya, Marekani na Australia zimeonesha kwamba watoto wanene huzidiwa katika kukimbia na kuruka, si sana katika kurusha na kudaka. Ni sawa kabisa: anayeruka hubeba mwili wake mwenyewe, anayerusha hubeba mpira tu. Lakini hilo ni jibu la swali la kwao. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na watoto hao ndio wanaokuja kukaa kwenye madawati. Misuli yao ni haba. Ongeza minyoo ya safura inayopunguza damu, mtoto anaishiwa pumzi kabla mchezo haujakolea.

Kipimo chenyewe cha stadi za mwendo nacho kina kwao. Mmarekani Dale Ulrich, katika kipimo chake cha mwaka 1985 kinachotumika hadi leo kwa matoleo yaliyorekebishwa, anamtaka mtoto apige mpira kwa gongo. Mtoto wa Mchukwi atalishika gongo hilo kama mwiko wa ugali, apewe alama duni. Mpeleke kwenye mchezo wa rede. Warushaji wawili wamesimama huku na huku na mpira wa matambara. Yeye yuko katikati, anajaza mchanga kwenye chupa, jicho moja kwenye chupa, jingine kwenye mpira. Anainama, anajipinda, anaruka, anageuka upande wa pili kabla mpira haujarudi. Stadi nyingi ziko hapo. Ni kweli matokeo ya rede hayalinganishiki na ya watoto wa Marekani, na wavulana wengi wangetaka chandimu, soka la mitaani. Gharama hiyo naikubali.

Nisieleweke kwamba nasema maisha ya kijijini yanatosha. Ndoo ya maji kichwani huenda ikajenga shingo na usawa wa mwili, lakini haimfundishi mtu kudaka.

Mwaka 2008 mtafiti David Stodden na wenzake walitoa hoja kwamba mtoto anayejiona hawezi hujitoa mchezoni, na kujitoa humzidishia kutoweza. Ningekuwa mtafiti pale Mchukwi, ningeanzia pembeni ya uwanja, kwa yule anayelinda ndala za wenzake kila mapumziko, nipime kimo chake, niangalie weupe wa viganja vyake kama damu imepungua, ndipo niulize kilo.