Mgonjwa Aliyejifunza Kuhesabu

Mtu akinywa dawa leo na kesho akaamka mzima, nani atamwambia kuwa si dawa iliyomponya? Jirani atamsadiki, na mganga atachukua sifa. Lakini wako wanaopona bila ya dawa yoyote, na wako wanaokufa ilhali dawa imo tumboni. Kuitenga kazi ya dawa na kazi ya bahati ni jambo gumu, na elimu inayolishughulikia huitwa takwimu za tiba. Siku hizi mwanafunzi huisomea shahada ya uzamili baada ya kupata shahada ya kwanza, iwe ya hesabu, ya udaktari au hata ya uchumi. Mmoja wa walioijenga, Austin Bradford Hill, aliingia kwa mlango huo wa uchumi, wala hakuuchagua kwa kupenda.

Hill alizaliwa London mwaka 1897. Baba yake alikuwa mtaalamu wa fiziolojia, na kijana mwenyewe alitamani kuwa daktari. Vita Vikuu vya Kwanza vikamchukua. Akawa rubani katika kikosi cha ndege cha wanamaji, akapelekwa upande wa Bahari ya Ejei, na huko akapatwa na kifua kikuu. Siku hizo dawa ya kukiponya haikuwako popote duniani. Mgonjwa alilazwa, akapewa hewa safi na chakula, akangojewa apone au afe. Hill alipona baada ya kuugua kwa muda mrefu, lakini njia ya udaktari ilikwisha kuzibwa. Alisoma uchumi kwa njia ya posta, akapata shahada ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1922.

Rafiki wa baba yake, Major Greenwood (Major ni jina lake, si cheo cha askari), alikuwa akichunguza maradhi kwa njia ya hesabu, naye akamsaidia kupata kazi. Hill akauona upungufu wake, akaenda kukaa darasani kwa Karl Pearson katika University College, London. Huko tangu mwaka 1911 palikuwa na idara ya takwimu, ambamo watu waliokwisha kuhitimu walijifunza jinsi tofauti baina ya makundi mawili inavyoweza kuzuka kwa bahati tu. Hill hakuwa bingwa wa hesabu za juu, na nadhani hilo lilimfaa: alipowaandikia madaktari, walimwelewa. Makala zake katika jarida la Lancet zikawa kitabu mwaka 1937.

Sasa twende kwenye jambo lililompa jina. Mwaka 1943 dawa ya streptomaisini iligunduliwa Marekani. Ilionekana kuvishinda vijidudu vya kifua kikuu, lakini Uingereza baada ya vita haikuwa na dola, ikanunua kiasi kidogo tu. Wagonjwa walikuwa wengi mno. Ni nani apewe?

Hill, ambaye sasa alikuwa profesa, alishauri kwamba uhaba huo utumiwe ili kupata ukweli. Walichaguliwa vijana 107 wenye ugonjwa mkali katika mapafu yote mawili. Kila mmoja alikuwa na bahasha iliyofungwa, na ndani yake kadi iliyosema kama atapewa dawa au atalazwa tu kitandani. Kadi zilipangwa kwa tarakimu za bahati nasibu, na daktari hakuweza kujua kilichomo kabla ya kumkubali mgonjwa. Kwa nini kujifunga hivyo? Kwa sababu daktari ni binadamu. Angaliijua kadi, huruma ingalimvuta kumpa dawa aliye hoi, au tamaa ya sifa ingalimvuta kumpa mwenye dalili za kupona, na hesabu yote ingaliharibika. Hata waliosoma picha za mapafu hawakuambiwa ni za nani.

Wagonjwa 55 walipata dawa, 52 hawakuipata. Baada ya miezi sita, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4, na katika wale 52 walikufa 14. Kwa hesabu, tofauti kama hiyo isingezuka kwa bahati hata mara moja katika mia. Habari hizi zilichapishwa Oktoba 1948.

Niliwahi kuwauliza walimu wanafunzi katika chuo chetu kama wangekubali kuwa miongoni mwa wale 52. Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja alisema ule ulikuwa ukatili. Sikumlaumu, maana wagonjwa wale hawakuambiwa hata kuwa wamo katika jaribio, jambo lisiloruhusiwa leo. Lakini nilimkumbusha kuwa dawa haikuwatosha wote, na kwamba siku ya kwanza hakuna aliyejua kama ni ponyo au sumu. Kweli iliwatia baadhi ya wagonjwa kizunguzungu.

Tena hesabu haikuishia hapo, na hapa ndipo thamani yake inapoonekana. Waliendelea kuhesabu kwa miaka mitano. Kufikia hapo, katika wale 55 walikuwa wamekufa 32, na katika wale 52 walikufa 35. Ushindi ulikuwa karibu kutoweka! Vijidudu vilikuwa vimeizoea dawa. Mtu aliyeangalia miezi sita tu angeshangilia na kwenda zake. Jaribio lililofuata, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1950, lilionyesha kuwa dawa mbili zikitolewa pamoja, vijidudu havizizoei upesi.

Njia hiyo ilifika kwetu pia. Kwa miaka mingi tiba ya kifua kikuu ilichukua mwaka na nusu, na wengi waliiacha kabla ya wakati. Mwaka 1970 madaktari wa Afrika ya Mashariki pamoja na wenzao wa Uingereza walianza kujaribu tiba ya miezi sita, wagonjwa wakigawanywa kwa bahati nasibu kama wale 107. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1972: katika makundi yaliyoongezewa rifampisini au pirazinamidi, ugonjwa uliwarudia wachache tu. Dawa hizo mbili zimo hata leo katika tiba ya miezi sita.

Hill alifariki mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 93.