Kazi Isiyongojewa na Mtu: kutoka bandari ya 1915 mpaka kronogramu zetu



Leo tuongee juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu aliyepita katika mradi amekijaza: kronogramu, ile tabo ya miezi na visanduku vya rangi. Namna gani mtu anaweza kujua kama kronogramu ni nzuri mbele ya kazi kuanza? Kuna kipimo, na kina historia yake. Lakini tuanzie hapa kwetu, maana ziwa letu lilishatoa hilo somo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann iliharibu meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune hapa Lukuga, na ziwa likabaki mikononi mwa Wajerumani. Reli yao kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeshafika Kigoma mwanzo wa mwaka ule ule. Kwa reli hiyo walileta meli kubwa Graf von Götzen ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku karibu 5000, wakaiunganisha Kigoma, ikashuka majini Februari 1915. Ndiyo hiyo ambayo wazee wetu wameijua kwa jina la Liemba.

Upande wetu, reli ya Kabalo–Albertville, kilomita 273, ilimalizika 1915. Mwaka huo Waingereza wakaleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Ziliondoka Uingereza mwezi wa sita, zikashukia Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume. Kutoka pale zilivutwa kwa trakta za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia. Watu wetu walikata miti na kujenga madaraja, na wanawake wa vijijini walibeba maji ya kunywesha zile trakta. Kisha treni tena mpaka Bukama, mto Lualaba mpaka Kabalo, na treni ya mwisho mpaka hapa. Walikuwa wanakimbizana na mvua, juu mvua ikishika, njia ya udongo inakufa. Wakafika mwisho wa mwezi wa kumi.

Kisha? Wakangoja. Bandari ya kukinga mashua na mawimbi haikuwa tayari. Mimi na Toutou ziliingia majini wiki ya Krismasi, karibu miezi miwili baadaye. Tarehe 26 Desemba wakaikamata meli Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Tuangalie vizuri hapo. Vitabu vinasimulia milima, na kweli ile safari ilikuwa ya ajabu. Lakini iliyoshika tarehe ya mwisho ilikuwa bandari. Wangechelewa siku tatu njiani, kama mvua haijawakamata, mashua zingeshuka majini siku ile ile. Kuchelewa siku tatu kwenye mawe ya bandari kulichelewesha vyote. Safari ilikuwa na siku za akiba. Bandari haikuwa nazo.

Hizo siku za akiba zilikuja kupewa hesabu yake Marekani. Mwaka 1957, Morgan Walker wa kampuni DuPont na James Kelley wa Remington Rand walitafuta namna ya kupanga kazi za viwanda kwa kompyuta. Mwaka 1958 jeshi la maji la Marekani likatoa njia inayofanana kwa mradi wa makombora ya Polaris. Wazo ni moja: kila kazi inafungwa kwa mshale na ile inayoingoja. Halafu unahesabu siku mbili: siku ya mapema ambayo kazi inaweza kuisha, na siku ya mwisho ambayo inaweza kuisha bila kuchelewesha mradi. Tofauti yake ndiyo akiba ya kazi hiyo. Kazi zenye akiba sifuri ndizo zinazobeba mradi.

Karibu nusu karne baadaye, shirika la Marekani linalosimamia mikataba ya jeshi, DCMA, liliweka vipimo 14 vya kukagua ratiba. Kimoja kinahusu akiba iliyozidi: katika kazi ambazo hazijaisha, zile zenye akiba ya zaidi ya siku 44 za kazi, yaani kama miezi miwili, zisipite asilimia 5. Zikipita, ratiba inatiliwa mashaka.

Mtu atauliza: juu ya nini? Akiba haiozi, si ndivyo tunavyosema? Kwenye ratiba inaoza. Akiba kubwa sana mara nyingi haina maana kwamba tuna nafasi. Ina maana kwamba mtu alisahau kuchora mshale. Kazi imeachwa peke yake, hakuna anayeingoja, basi kompyuta inaipa siku zote mpaka mwisho wa mradi.

Tuchukue mfano wa kufikiria: mradi wa siku 200 za kazi, wa kugawa mbegu za mahindi kwa familia za Katanika. Mbegu zinanunuliwa mpaka siku ya 40. Kusafirisha kunachukua siku 15, kwa hiyo kugawa kunaanza baada ya siku ya 55. Wakati zinasafirishwa, sampuli inapimwa kama mbegu zinaota: siku 10, inaisha siku ya 50. Aliyepanga hakuufunga mshale kutoka kupima kwenda kugawa. Ratiba inaonyesha kupima kuna akiba ya siku 150. Kila mtu anapumua: "Hiyo bado." Funga mshale, akiba inashuka mpaka siku 5. Kazi ni ile ile, lakini sasa ukweli umeonekana.

Na ukweli huo una watu ndani yake. Mvua yetu inaanza kuelekea mwezi wa kumi, haingoji ripoti. Mama akipewa mbegu ambayo haikupimwa na isiote, msimu wake umeenda. Mbegu nzuri ikimfikia mvua ilishapita, ataipika watoto wale, na hatuwezi kumlaumu.

Tuseme pia mpaka wa hicho kipimo. Siku 44 ziliwekwa kwa mikataba mikubwa na mirefu. Kwa msimu wa mahindi ni nyingi mno. Hata akiba ya siku 20 iulizwe. Tena kuna kazi zenye akiba ya kweli, kama kupaka rangi kibao cha mradi. Namba inakuonyesha pa kuuliza, haimhukumu mtu. Na wako wanaoficha akiba kwa kugandisha tarehe kwa nguvu. Hapo namba inapendeza, mshale bado haupo.

Shida yetu kubwa ni kwamba kronogramu zetu nyingi ni visanduku vya rangi tu, bila mshale hata mmoja. Akiba yake haiwezi hata kuhesabiwa. Lakini karatasi na kalamu vinatosha. Kabla ya kupeleka mradi kwa mfadhili, shikeni kila mstari na muulize: "Nani anakungoja?" Mstari ukikosa jibu, ama kazi hiyo haina faida, ama mshale umesahauliwa. Ukijibu "mvua", basi andikeni mvua kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote, na tarehe yake.

Wenye kronogramu ya msimu unaokuja, jaribuni hilo swali kwenye mistari kumi ya kwanza, halafu mtuambie hapa ni mingapi iliyokosa jibu.