Mguu Mtupu Sokoni: Eldoret na Madai ya Mwili wa Asili

Tangu Richard Ungewitter na wenzake walipoeneza harakati za kuishi bila nguo nchini Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, dai moja limekuwa likirudiwa: kwamba nguo ndiyo bidhaa ya kwanza kumtia mtu utumwani, na anayeivua huwa amejitoa sokoni. Nusu ya kwanza ya dai hili haina ubishi. Biashara ya mitindo huishi kwa kumfanya mtu alionee haya shati lake la mwaka jana. Ninachokipinga ni nusu ya pili, na ushahidi wangu unatoka Eldoret, tena si kwenye mwili mzima bali kwenye wayo.

Mwaka 2009 Christopher McDougall alichapisha Born to Run, kitabu kuhusu Watarahumara wa Mexico, na wimbi la kukimbia peku likapanda Marekani na Ulaya. Hoja ilikuwa ileile ya Ungewitter, ila sasa imeteremka miguuni: raba za soli nene ni ulaghai wa makampuni, mguu kama ulivyoumbwa unatosha. Mwaka uliofuata hoja hiyo ilipata nguvu ya sayansi. Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, akiwemo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret, walionyesha katika jarida la Nature kwamba waliozoea kukimbia peku, wakiwemo vijana wa Bonde la Ufa, mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo na kupunguza kishindo cha mguu unapogonga ardhi. Vipimo hivyo sivitilii shaka. Natilia shaka kilichofanywa navyo.

Miongoni mwa wafadhili wa utafiti huo, kama makala yenyewe inavyokiri, ilikuwamo Vibram, kampuni iliyokuwa ikiuza kiatu chembamba cha mpira chenye mfuko wa kila kidole. Mnunuzi alilipa pesa nyingi apate hali ambayo mtoto wa Keiyo, hapa Bonde la Ufa, huipata bure kwa kutokuwa na kiatu. Mwaka 2014 kampuni hiyo, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani waliolalamikia ahadi zake za kiafya. Wateja walirudishiwa kitu. Vijana ambao nyayo zao zilikuwa sehemu ya ushahidi hawakuwa upande wowote wa kesi hiyo.

Isitoshe, huo “mguu wa asili” si mmoja. Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, watu waliozoea kwenda peku, wakakuta asilimia 72 wanatua kwa kisigino wanapokimbia kwa mwendo waliouchagua wenyewe. Wapo wanaolimaliza jambo hili kwa kusema ni kasi na ardhi tu. Kasi na ardhi zina sehemu yake, lakini hazielezi kwa nini wayo wa Bonde la Ufa ulipata umaarufu wa duniani na ule wa Ziwa Turkana ukabaki kwa wataalamu. Nadhani ni kwa sababu wa kwanza una medali nyuma yake, na medali huuza.

Ukitazama barabara ya murram asubuhi ya mvua utaelewa zaidi. Mtoto anavua viatu vyake vya shule, anafunga kamba zake pamoja, anavitundika shingoni, anakanyaga tope hadi langoni, anapangusa miguu kwenye majani, kisha anavivaa. Huyo halikatai soko. Anatunza soli ambayo mzazi wake hataweza kuinunua tena muhula huu. Kumfanya nembo ya kukataa ununuzi ni kumpokonya shida yake na kuivika jina la falsafa.

Nitaambiwa kwamba kambi ya riadha ya Kaptagat inanipinga: mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge, tajiri, aliyekuwa akiishi humo chini ya kocha Patrick Sang na kusafisha vyoo kwa zamu kama wenzake. Hakika huko ndiko kujinyima, na nakuheshimu. Lakini Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, mtu huyohuyo akiwa na kaptula na vesti nyepesi alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 akiwa amevaa viatu vya majaribio vya Nike, na miezi michache baadaye World Athletics ikaweka kikomo cha unene wa soli kuwa milimita 40. Kwa hiyo wingi wa kitambaa mwilini hautupi kipimo cha wingi wa soko. Tanzania nayo iliyapima haya baada ya Azimio la Arusha: serikali iliyopinga anasa iliwaamuru Wamasai waache lubega wavae suruali, na mwaka 1968 vijana wa chama tawala cha TANU wakapiga vita sketi fupi. Jaribio kubwa kuliko yote la kupinga anasa katika kanda yetu halikupita kwenye mwili mtupu.

Basi swali linalopaswa kutushughulisha vyuoni Eldoret ni nani anamiliki mwendo uliopimwa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Kenya ni mwanachama wake, inataka jamii zigawiwe faida pale rasilimali zao za kijenetiki na maarifa yao ya asili yanapotumiwa. Namna mtoto anavyotua ardhini haimo. Naamini inapaswa kuwamo, na kamati za maadili zinazopitisha utafiti wa riadha zinaweza kuanza kulidai hilo kabla sheria haijabadilishwa.