Ujenzi wa Vituo vya Afya chini ya Serikali za Mitaa Unguja: Jengo na Yanayolifuata

Katika ukingo wa bahari wa Mizingani, Mji Mkongwe, lipo jengo la ghorofa lenye roshani za mbao za nakshi, linalojulikana kwa jina la Dispensari ya Zamani. Mfanyabiashara Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 akikusudia liwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 na mjane wake akalikamilisha mwaka 1894, lakini hospitali iliyokusudiwa haikupatikana. Jengo liliuzwa, dispensari ikachukua sehemu ya chini na juu pakawa makaazi ya watu. Kuta zilikuwepo, aliyepaswa kuziendesha hakuwepo.

Suala hilo ndilo lililozikabili Serikali za Mitaa chini ya ugatuzi. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014 ilifungua njia ya ugatuzi, na kuanzia mwaka wa fedha 2017/2018 huduma za afya ya msingi zilianza kupelekwa kwenye Mabaraza ya Manispaa, Mabaraza ya Miji na Halmashauri za Wilaya. Kwa mujibu wa utaratibu huo, kituo cha shehia kilikuwa karibu na Baraza lililowajibika kwa wananchi wake, na kasoro ya paa au choo haikuhitaji kusubiri uamuzi wa wizara.

Ugumu unaanzia kwenye fedha. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, matibabu katika vituo vya umma yalitolewa bila ya malipo. Ni haki iliyowafaa wananchi wengi, lakini ilikuwa na maana kwamba kituo kipya hakikuliingizia Baraza mapato, kililitaka litoe. Baraza lenye masoko na maduka mengi lina pa kuanzia, ilhali halmashauri ya shamba hutegemea zaidi ruzuku ya Serikali Kuu. Ruzuku ikichelewa, mkandarasi husimama na saruji, ambayo imevushwa bahari kutoka Tanzania Bara, huharibika kwa unyevu.

Ardhi nayo ina masharti yake. Mashariki na kusini mwa Unguja ni uwanda wa mawe: msingi huchimbwa kwa taabu, na maji machafu hupenya haraka kwenye nyufa za mawe hadi kwenye maji ya visima. Karo la kituo cha afya, pamoja na mahali pa kuchomea taka za hospitali, kwa hiyo si mambo ya kuongezwa mwishoni bajeti ikiruhusu. Ndani ya Mji Mkongwe, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, hata kubadilisha dirisha kunahitaji idhini ya mamlaka ya hifadhi.

Umeme pia usisahauliwe. Waya wa chini ya bahari ulipoharibika, Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Jenereta na mafuta yake ni gharama ya kila mwezi, na jokofu la chanjo halisubiri.

Fedha za mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 ziliwezesha ujenzi wa hospitali za wilaya, zikiwemo za Kivunge, Pangatupu, Mwera Pongwe na Kitogani, pamoja na Hospitali ya Mkoa Lumumba. Kazi hiyo ilisimamiwa na Serikali Kuu na ilikwenda kwa kasi ambayo Baraza peke yake lisingeimudu. Hata hivyo, hospitali ya wilaya haiondoi haja ya kituo cha shehia. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hutafuta kwanza mlango ulio karibu, na anachohitaji hapo ni mkunga aliye zamu, nyumba ya mkunga huyo kuishi, maji na taa.

Nyumba ya mfanyakazi ndiyo aghalabu hukatwa kwanza kwenye makisio fedha zinapopungua. Masheha na kamati za afya za shehia wanayo nafasi ya kuihoji michoro kabla ya zabuni kutangazwa, wakati ambapo mabadiliko bado ni ya kalamu tu.