Kutoka Mgombani hadi Ufukweni: Takataka za Nyumba zetu za Fizi na Baraka

Historia tunayosimuliana mara nyingi ni ya vita na ya wakubwa. Leo tutazame historia ya kitu kinyonge zaidi: takataka zitokazo jikoni mwetu.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1970, nyumba yetu ya Fizi haikuwa na jalala. Mama alinituma kupeleka maganda ya muhogo na majivu ya mekoni kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nilidhani natupa, kumbe nailisha migomba. Maganda yalitandazwa juu juu, hewa ikapita, yakageuka udongo mweusi. Gesi iliyotoka humo ni ile ile ambayo mmea uliivuta hewani ulipokuwa hai, hivyo anga halikupata mzigo mpya.

Vita vya 1996 vilivunja desturi hiyo. Makumi ya maelfu walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, na wengi wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005, meli zilipowarudisha kupitia Baraka, wengi walibaki mjini kwa kuwa milimani hapakuwa na usalama. Viwanja vikawa vidogo, migomba ikakosa nafasi. Maganda yale yale yakaanza kurundikwa pamoja na mifuko ya plastiki, kitu ambacho bibi zetu hawakukijua.

Hapo hesabu ikageuka. Ganda lililofukiwa chini ya rundo zito, pasipo hewa, huoza kwa namna nyingine na kutoa methani. Gesi hiyo, katika muda wa miaka 100, huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule. Nasi tukilichoma rundo, plastiki hutoa masizi, pamoja na kaboni ya mafuta yaliyokuwa yamelala ardhini tangu kale.

Tuseme kweli: ziwa letu halikupata joto kwa sababu ya majalala ya Baraka. Mwaka 2003 wanasayansi walionyesha kwamba maji yake yamepata joto, na kwamba tabaka la juu halichanganyiki vema na lile la chini lenye virutubisho, ambavyo ndagala huvihitaji. Joto hilo limetoka hasa katika viwanda na magari ya nchi za mbali. Si haki kumtwisha mama muuza muhogo lawama zao. Lakini mfuko unaoziba mtaro ni wetu. Ziwa lilipofurika mwaka 2024 katika miji ya kando yake, maji hayakuchagua njia. Hupita katika rundo kabla ya kufika mlangoni, na kipindupindu ni mgeni wa siku nyingi katika pwani hii.

Amri ya Serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko ya plastiki. Hata hivyo, sokoni mfuko bado hutolewa bila kuombwa. Ganda la muhogo, kwa upande wake, halihitaji amri. Shimo fupi la maganda matupu, likigeuzwa kwa jembe kila juma, hulirudishia hewa yake; na hata katika kiwanja kidogo, mgomba mmoja hupata pa kusimama.