Mahindi ya Mbwa

Masumbwe mbwa hanunuliwi chakula. Anakula kilichobaki: ukoko wa ugali, vichwa vya dagaa, mfupa siku ya sikukuu. Ukitaka historia ya chakula cha mbwa huku kwetu, uliza watu walikula nini. Enzi za bibi zetu ukoko ulikuwa wa mtama au ulezi, na kiangazi kulikuwa na michembe. Mahindi, zao lenye asili ya Amerika, yaliusukuma mtama pembeni katika karne ya 20, na mbwa akahama pamoja na chungu. (Hata mkoa tumehama bila kusogea: mpaka 2012 tulikuwa Shinyanga, leo tuko Geita.) Mbwa wanaolinda maduara ya dhahabu nao wanakula ugali uleule wa wachimbaji.

Chakula kinachotengenezwa kwa ajili ya mbwa peke yake ni biashara changa. Karibu mwaka 1860 James Spratt, Mmarekani aliyekwenda Uingereza kuuza vyuma vya kukinga radi, alianza kuuza biskuti za mbwa za ngano, mboga na nyama. Wateja wake walikuwa mabwana wenye mbwa wa kuwindia. Leo rafiki zangu wa chuo wanaofuga mbwa wanaamini kwamba mbwa akilishwa ugali anaonewa. Sikubaliani nao. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kuwa mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni inayomsaidia kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu wa Ulaya, ndugu yake wa porini. Maelfu ya miaka ya kuishi na wakulima yamebadilisha tumbo lake. Ugali na dagaa si mateso.

Kinachonitisha ni maneno mawili ninayoyasikia kila msimu wa mavuno: "haya ya mbwa." Mahindi yakinyeshewa kabla hayajakauka, au yakiwekwa ghalani yakiwa mabichi, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Jiko haliiondoi. Mwaka 1981 huko Machakos, Kenya, watu 20 walilazwa hospitali baada ya kula mahindi ya namna hiyo, na 12 wakafa. Kabla yao walikufa njiwa wa eneo lile, kisha mbwa. Nasoma historia, hati za onyo nimezipitia nyingi, na sijakuta iliyo wazi kuliko hiyo. Mwaka 2016 zamu ilikuwa yetu: Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20.

Mwaka jana nilipokuwa likizo nilimkuta mama uani akichambua mahindi mafungu matatu: ya kula, ya kuku, na lile la tatu, punje za kijani na nyeusi. Nikamsimulia Machakos. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Sasa haya nimpe nani?"

Ni swali la mtu aliyelima kwa jembe la mkono. Debe zima likamwagwa hivihivi? Tuliyafukia nyuma ya choo, na mpaka jioni hakunisemesha.